Waziri Hanyolewi

Tarehe 4 Oktoba

Mpwa wangu mpenzi,

Kama redio yenu huko mlimani imetangaza kwamba mji huu una mtu mmoja tu anayeaminiwa na mataifa ya nje, usihangaike kuuliza ni nani. Ni mjomba wako. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha kunyolea, kile kile nilichokuwa nakuzungusha ulipokuwa mdogo mpaka unatapika, na mlangoni watu wamejazana. Wengine hawana hata nywele. Wamekuja kutazama.

Huku hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua lakini mdomo wake mzima kabisa. Mkaza mjomba wako amekwenda kumuuguza dada yake, atarudi wakishachokana. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe, fundi alipokuja kulitazama akasema hana la kuongeza. Bibi yako anadai linavuja. Linavuja upande wake tu. Simu zako nimeziona, sikupokea. Simu haina adabu, inamkatiza mtu yuko katikati ya hoja. Tuandikiane kama watu waliosoma. Barua mpe yule dereva wenu wa lori la kabichi, anaziacha kwa muuza nyama jirani yangu kila akishuka sokoni.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka yule mhandisi mgeni aliyekuja kujenga daraja? Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu muda wote aliokaa hapa, na mtu ukishamshika kichwa, lazima akusikilize. Lile daraja linavyopinda vile upande wa kushoto, wazo ni langu. Basi mkataba wake umekwisha, karudi kwao, na mbwa wake hakuweza kuondoka naye. Mbwa gani! Mkubwa kama ndama, tumbo jeupe, mgongo wa rangi ya majivu, macho ya buluu yanayokutazama kama umemkatiza hotuba. Manyoya ukizamisha mkono, saa yako huioni. Ni wa zile nchi za theluji, ambako huwafunga kwenye mikokoteni isiyo na magurudumu wakawavuta watu juu ya barafu. Kwa mhandisi alikuwa anaishi na kiyoyozi mchana na usiku. Mwenyewe alisimama katikati ya saluni yangu akauliza, "Nani atamchukua?" Wenye vifua mbele wote wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nikasema, "Lete."

Jina lake la kwao kulitaja lazima ukohoe kwanza, kwa hiyo nimemwita Waziri. Anavaa koti zito kwenye jua, analala mkutanoni, na akiingia mahali kila mtu anasimama.

Muuza nyama akasema, "Kinyozi, huyo hamalizi msimu wa joto. Umemletea kaburi."

Nikamwambia, "Wewe ulichozoea ni wanyama waliokwisha kufa, nyamaza."

Watu wakacheka. Na ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wake wa kioo, yule nisiyemtaja alikuwa amekunja mikono anatabasamu. Wewe unamjua. Nilimfundisha kushika mashine tangu hajui kushika hata ufagio, alikuwa ananifutia kiti hiki asubuhi na jioni, kisha akaenda kufungua saluni yake mbele ya macho yangu, na kiyoyozi juu! Tangu hapo sijamsalimia. Tabasamu lile likanipandisha damu. Nikapanda juu ya kiti na viatu vyangu, nikatangaza: "Mbwa huyu akifa kabla mvua kubwa hazijaanza, nafunga saluni, na kiti hiki nambebea yule pale kwa mgongo wangu mwenyewe!"

Kiti hiki, mpwa wangu. Chuma kitupu na ngozi, kilikuja kwa meli, na inasemekana kilitengenezewa gavana. Ushahidi sina, lakini hakuna aliyewahi kunibishia.

Usinionee wasiwasi. Mwonee wasiwasi muuza nyama.

Mjomba wako,
Mlezi wa Waziri

*

Tarehe 23 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenikuta salama. Huku kituoni hatujambo, isipokuwa ukungu umekaa juu yetu tangu wiki iliyopita na nguo hazikauki. Mwenzangu wa zamu amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo napima upepo, mvua na joto peke yangu, na jioni naongea na birika. Mpe bibi pole ya goti. Mwambie namtumia mafuta ya kuchua.

Mjomba, nimecheka habari ya daraja, halafu nikafika kwenye kiti nikaacha kucheka. Kiti kile ndicho kilichonisomesha. Ulikiapiaje kwa sababu ya tabasamu la mtu?

Sikiliza. Joto la mji wenu linaletwa hapa kila siku, naliandika kwa mkono wangu. Jana mlikuwa nyuzi thelathini na mbili, na Oktoba haijaisha. Mwezi wa pili mtakuwa wapi? Daktari wa mifugo anayewatibu kondoo wa shamba la jirani nimemuuliza. Anasema mbwa wa aina hiyo hatoi jasho mwilini, anajipoza kwa ulimi. Mtembeze alfajiri tu, kabla barabara haijapata moto. Mchana alale kwenye sakafu tupu, mahali penye upepo. Mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, na maji ya kunywa yasikauke kamwe. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu mno, mate mazito, au anayumba, hapo anakufa, Mjomba, si kwamba amechoka.

Lililo bora kuliko yote, mlete huku. Asubuhi nyasi za hapa zina baridi ya kuuma vidole. Dereva amekubali kumchukua nyuma ya lori. Hakuna atakayesema umeshindwa.

Dereva ananiambia ile kofia ya sufu niliyokutumia kwa ajili ya safari yako ya huku, safari ambayo hukuja, unaivaa hapo saluni mchana kutwa. Katika joto hilo? Kwa nini?

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Novemba

Mpwa wangu, Bibi Mawingu,

Marahaba. Mafuta yamefika, bibi yako ameyapaka gotini na kwenye bawaba ya mlango, vyote viwili vimeacha kulia. Mkaza mjomba wako bado yuko kwa dada yake. Kuku wawili wametaga chini ya kitanda changu, nami sikuwakatisha.

Kuhusu kofia: kofia ni heshima ya kazi. Mimi na Waziri kila mtu anavaa anachopenda.

Kuhusu kumpeleka mlimani: hapana. Niliyasema maneno juu ya kiti, siwezi kuyameza nyuma ya lori la kabichi. Na huyo daktari wa kondoo mwambie Waziri si kondoo. Juzi lori la mchanga lilizimika mbele ya saluni, vijana wanne wamesukuma mpaka wamekaa chini. Nikamfunga Waziri kamba, nikamwambia neno moja tu la kwao nililofundishwa na mhandisi. Lori likaondoka, mpwa wangu, hata dereva wake hajapanda! Ikabidi alikimbilie. Wezi wa mtaa huu wote wamehama. Muuza nyama anasema lilikuwa kwenye mteremko. Wivu.

Kumpoza nampoza. Magunia mabichi chini, beseni la maji, na feni nimeigeuza imwelekee yeye. Wateja wengine wamenung'unika. Nimewaambia joto linalainisha nywele, mtu akinyolewa akiwa ametota jasho mashine inateleza. Walioelewa wamebaki. Wasioelewa wamevuka barabara.

Sasa kuna maneno yanasemwa, nayo yananikera. Muuza nyama kaanza, wengine wakadaka. "Kinyozi mzima, mbwa wake anakufa kwa manyoya, na mashine anayo mkononi!" Jana mtoto wa shule aliyekuja kukata denge ananiuliza, "Mzee, au Waziri hana hela ya kunyolewa?" Watu wakapigana makofi mgongoni kwa kucheka. Nikaona ndiyo. Mimi nimenyoa maharusi, mahabusu na mgeni mwenye shahada, nishindwe na mbwa? Koti likivuliwa, joto limekwisha, na midomo imefungwa. Jumamosi ya tarehe kumi na tano nitamnyoa hadharani, nje, mbele ya kila mtu, ng'ambo ya barabara waone vizuri. Nimeshapaka mashine mafuta.

Utajivunia.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Sina nafasi ya salamu ndefu, dereva ameshawasha gari.

USIMNYOE. Yale manyoya si koti la kuvaa na kuvua. Yana tabaka mbili, ya chini laini, ya juu marefu, na hayo ndiyo yanayomkinga na jua kama vile dari inavyoikinga nyumba na bati. Ukiyakata, ngozi yake inabaki wazi, inaungua, na pengine hayaoti tena sawasawa. Daktari wa mifugo amesema mchane tu, kila siku, yale ya chini yaliyokufa yatoke, hewa ipite.

Najua leo ni Ijumaa. Dereva ameahidi kupita saluni moja kwa moja kesho asubuhi badala ya kuiacha kwa muuza nyama. Simu nimekupigia mara nyingi, hupokei. Nimempigia bibi, akasema, "Mjomba wako yuko nje anafuta kiti." Nikamwambia, "Mzuie." Akasema, "Nani? Mimi?"

Tafadhali, Mjomba.

*

Tarehe 12 Desemba

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mkaza mjomba wako amerudi, amemkuta kila mtu amenenepa isipokuwa yeye. Bibi yako sasa anatembea mpaka getini bila fimbo, akifika anaikumbuka fimbo, anaita aletewe. Jirani wa nyuma amemwoza binti yake, nilikuwa mgeni wa heshima, niliketi kiti cha pili kutoka mbele, cha kwanza kilikuwa kimevunjika.

Waziri hajambo. Nimevumbua njia mpya ya kumtunza: kumchana. Wazo lilinijia lenyewe. Namchana kila asubuhi kwa chanuo la chuma, yanatoka manyoya laini kama pamba, nimejaza gunia, sasa nalijaza la pili. Nakuletea hilo la kwanza ujaze mto, huko kwenye baridi utanikumbuka. Bibi yako amesema nyumba imekuwa kama kuna kondoo wamechinjiwa ndani.

Wateja wamepungua kidogo. Ni mpango wangu, nataka kupumzisha mkono. Mashine iko kwa fundi, inafanyiwa usafi wake wa kila mwaka. Kwa sasa natumia mkasi, na watu wenye akili wanajua mkasi ndio ufundi wenyewe.

Joto lipo, sitakudanganya, lakini ni la kawaida.

Kwenu mvua inanyesha? Nijibu habari za mvua.

Mjomba wako

*

Tarehe 5 Januari

Shikamoo Mjomba,

Gunia limefika. Nimejaza mto na blanketi la mtoto wa mwenzangu. Usiku wa kwanza nilipiga chafya mpaka asubuhi, sasa nimezoea, na shingo haijawahi kupata joto hivi. Nashukuru. Nimefurahi kusikia mkaza mjomba amerudi, mwambie asinyong'onyee, namtafutia gunia la viazi na yeye anenepe.

Umeniuliza mvua. Huku inanyesha. Kwenu haijanyesha na haina dalili, na jana mlifika nyuzi thelathini na sita. "La kawaida," unasema. Mjomba, mimi ndiye ninayeliandika.

Umeandika ukurasa mzima, umenipa habari za getini, za harusi, za kiti kilichovunjika. Habari za Jumamosi ile hukuzigusa hata kwa ncha ya kalamu. Barua yangu ilifika? Dereva anasema alichelewa njiani kwa pancha, alipofika watu walikuwa wameshatawanyika, akampa bibi. Ulimnyoa? Na mashine ambayo uliipaka mafuta Novemba, imekwendaje kwa fundi Desemba?

Nimeamua bila wewe. Dereva atapita tarehe kumi na tisa mchana na kreti kubwa, chini tumetandika majani mabichi. Mpe Waziri. Watu wakisema, waseme. Kiti ni chuma, kinaweza kuhama. Mbwa akifa harudi. Mimi nilikuja kwako na begi moja mama alipofariki, na watu walisema pia kwamba kinyozi hawezi kulea mtoto wa kike. Ulishindana nao, ukashinda. Hili la sasa si lazima ulishinde.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Dereva wako na kreti lake nimemrudisha. Ametoka hapa na soda mbili na heshima zake zote. Asije tena na kreti. Waziri si kabichi!

Ndiyo, wewe ulikuja na begi moja, na walisema, na wamenyamaza. Ndiyo maana na hili nitawanyamazisha. Mtu akiniambia jambo haliwezekani, mimi siwezi kulala. Nikiwa na umri wako nilivuka mto nimebeba cherehani kichwani kwa sababu tu mtu alisema nitaidondosha. Sikuidondosha. Iliharibika baadaye kwa sababu nyingine.

Usiniulize mambo ya mashine.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Bibi nimempigia, amenipa habari za goti, za paa, za kuku, kisha nilipotaja Waziri akasema, "Hilo muulize mwenyewe, mimi naishi kwake," akakata.

Dereva amenisimulia. Anasema siku ile ya kreti alifika saa sita na nusu, jua limesimama kichwani. Saluni imefungwa. Mchana, siku ya kazi! Akachungulia dirishani: feni imezimwa, beseni kavu, magunia makavu yamekunjwa vizuri yamewekwa kwenye kona. Hakuna mbwa. Akamuuliza muuza nyama, muuza nyama akasema, "Mimi nilishaambiwa ninyamaze." Amekaa kivulini muda mrefu, ndipo akakuona umetokea, hajui ulitokea wapi, umevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akauliza, "Waziri yuko wapi?" Ukamwambia, "Yuko kikazi." Ukampa soda.

Nimeisoma barua yako ya mwisho mara nyingi. Hakuna mahali ulipoandika kwamba yu hai.

Kama amekufa, niambie. Sitakucheka, na simwambii mtu. Kiti mpe yule mtu, mimi nitakutafutia kingine, nina akiba kidogo na nina hasira nyingi. Lakini usiniandikie habari za kuku wakati mbwa amefukiwa nyuma ya nyumba. Nalala juu ya manyoya yake, Mjomba. Kila nikiweka kichwa najiuliza kama nimelalia mnyama au kaburi.

Neno moja tu. Yuko hai, au hapana?

Mpwa wako

*

Tarehe 11 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Yuko hai.

Nimeanza na hilo kwa sababu bibi yako amesimama nyuma yangu na fimbo, na safari hii hakuisahau. Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, zilikuwa nzuri sana, katika moja Waziri alikuwa ameokoa basi zima.

Nakueleza kuanzia Jumamosi ile. Watu walikuja, sijapata kuona. Nilitoa kiti nje, nikamsimamisha Waziri juu yake, nikamfunga shuka shingoni kama mteja, nikawasha mashine. Nikaanza nyuma, juu ya mkia. Mashine ikaingia, ikatembea kiasi cha shubiri moja, ikameza manyoya ya chini, ikalia kama mbuzi, ikatoa moshi. Ikafa. Mashine iliyolisha nyumba yangu tangu wewe unajifunza kusoma, imefia kwenye makalio ya mbwa, mbele ya mtaa mzima.

Kicheko chao sikielezi. Muuza nyama alilala chini.

Waziri naye akashuka, shuka bado shingoni, nyuma ana barabara nyeupe inayong'aa. Hakunitazama. Akavuka barabara, watu wakampisha kama msafara, akausukuma mlango wa kioo kwa kichwa, akaingia kwa yule nisiyemtaja, akajilaza juu ya vigae chini ya kiyoyozi. Nikaona tumbo lake limepanda, limeshuka, pole pole. Tangu aje kwangu sikuwahi kumwona anapumua hivyo. Kwangu alikuwa anahema tu, mpwa wangu, nami nilikuwa nawaambia watu anacheka.

Nikamfuata kumtoa. Nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Yule mtu akaweka mashine chini akasema, "Shikamoo mwalimu."

Nikasema, "Nimemfuata Waziri."

"Mwache apoe kwanza."

"Atapoa kwangu."

"Mwalimu, kwako wewe mwenyewe hupoi." Kisha akasema, "Funga mlango basi, joto linaingia."

Ikabidi nichague upande wa kufungia. Nikafungia ndani.

Jioni bibi yako akanipa barua yako. Nikaisoma, nikaenda kumpaka Waziri mafuta ya nazi pale penye uwazi, nikanunua chanuo. Kwa hiyo lile wazo halikunijia lenyewe, ni lako, nimekurudishia. Manyoya yameota, yana rangi tofauti kidogo, ukimtazama kwa mbali utadhani amekalia chaki.

Kuanzia siku ile, kila jua likipanda, Waziri anaamka mwenyewe, anavuka, anasukuma mlango. Na mimi ningefanyaje? Nimwache mbwa wangu kwa mtu peke yake? Nafunga saluni, navuka naye, nakaa kwenye benchi la wateja na gazeti la zamani. Huko ndiko nilikotokea siku ya dereva. Siku za kwanza nilijificha nyuma ya gazeti. Halafu nikamwona anamkosea mteja sikioni, nikasema, "Kiganja, mtoto wewe, nilikufundisha ulaze kiganja." Akalaza. Basi ndiyo tukaanza kuongea.

Kuna siku mwezi wa pili nilimuuliza. Nikamwambia, "Wewe si mjinga. Ungemfungia huyu mbwa nje siku tatu tu, kiti changu ni chako. Kwa nini?" Akaendelea kufagia. Akasema, "Mwalimu, kiti kile nimekifuta miaka yangu yote ya ujana, mgongo bado unaniuma. Sikitaki hata bure." Watu waliokuwepo wakacheka na mimi nikacheka, nikiwa kwake, mdomo wazi, nikajikuta nimechelewa kuufunga.

Mvua ilianza juzi. Najua wewe uliiona kabla yetu kwenye vyombo vyako. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati, Waziri akatoka katikati ya barabara, akasimama hapo hapo, kichwa juu, macho amefumba, analoa mpaka akabaki nusu ya ukubwa wake. Nikatoa kiti nje nikapanda juu yake na viatu vyangu. Nikawaambia, "Hamalizi msimu wa joto? Nani alisema? Asogee!" Muuza nyama akasema, "Lakini ameumalizia kwa jirani." Nikamwambia nilichosema ni kwamba atafika mvua kubwa, sikusema atafikia upande gani wa barabara. Kiti changu hakihami. Na mwakani tutarudia, na mwaka mwingine, na atakayesema haiwezekani nitampa kreti la dereva wako akalale ndani yake. Nimeshinda, mpwa wangu, andika hivyo kwenye daftari lenu la hali ya hewa.

Limebaki dogo. Uliniuliza habari ya kofia mwaka jana, nikakujibu heshima ya kazi.

Tangu yule mtu aondoke kwangu, hakuna mwingine aliyenishika kichwa. Ningemwambia nani? Nimekuwa najinyoa mwenyewe kwa vioo viwili. Mbele sina mpinzani. Lakini nyuma mkono unakwenda unakotaka, na kinyozi mwenye nyuma kama shamba lililoliwa na panya hapati mteja. Ndiyo maana nilivaa sufu katika joto lile, na nilikuwa naungua kuliko Waziri, ila mimi sikuruhusiwa kutoa ulimi.

Jana mvua inanyesha, saluni yake haina mtu. Akapiga kiti chake kofi mara mbili, akasema, "Mwalimu." Nikatazama nje, hakuna aliyekuwa anatazama isipokuwa Waziri. Nikavua kofia, nikakaa. Bibi yako ananisomea juu ya bega, anasema niandike na hili pia, kwamba nilisinzia na nikakoroma. Amejuaje sijui.

Kofia nampa dereva, ikurudie huko kwenye baridi. Nyuma ya kichwa changu, mpwa wangu, panapendeza. Niliomba kioo cha pili nikapatazama muda mrefu.

Mjomba wako